Dari Inapoloa: Mambo ya Kufanya Kabla ya Kubandika Ubao Mpya

Mvua za masika zinapoanza wilayani Siha, kwa kawaida kati ya mwezi Machi na Mei, wananchi hufika katika ofisi za Halmashauri wakiwa na maswali kuhusu barabara, makalavati na mifereji. Ni nadra mtu kufika akiuliza kuhusu dari ya nyumba yake. Dari huhesabiwa kuwa jambo la ndani, na alama ya rangi ya chai inayotokea juu ya kitanda au juu ya kochi huonekana kama aibu ndogo ya kuficha kwa rangi nyeupe kabla wageni hawajafika. Makala haya yanaeleza kwa nini alama hiyo isifichwe, na nini kifanyike kuanzia usiku ule maji yanapoanza kudondoka hadi siku fundi anapopigilia ubao mpya.

Mwandishi alijifunza jambo hili kwa gharama yake mwenyewe. Katika nyumba ya kupanga hapa Sanya Juu, dari ya sebule ilichafuka masika ya kwanza ikapakwa rangi. Masika ya pili ilichafuka tena, fundi akaitwa, ubao ukabadilishwa. Masika ya tatu ubao ule mpya ulianguka saa nane usiku juu ya meza ambayo saa chache kabla mtoto alikuwa ameketi akifanya kazi zake za shule. Asubuhi yake fundi mwingine alipanda juu ya paa akakuta msumari mmoja uliopoteza mpira wake, umbali wa zaidi ya mita mbili kutoka mahali ubao ulipoanguka. Muda wote huo tulikuwa tukitibu dari, ilhali aliyekuwa mgonjwa ni bati.

Inafaa kwanza kuelewa wingi wa maji tunayozungumzia. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya eneo la mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa la mita za mraba 80 ikinyeshewa milimita 30 kwa usiku mmoja hupokea lita 2,400, ambazo ni sawa na ndoo 120 za lita 20. Ikiwa asilimia 1 tu ya maji hayo itapata njia ya kuingia, lita 24 zitatua juu ya dari, na lita 24 zina uzito wa kilo 24. Ubao mmoja wa jipsamu wa kawaida ukiwa mkavu una uzito wa takribani kilo 20. Kwa hiyo ubao uliopigiliwa kubeba uzito wake wenyewe hujikuta umebeba zaidi ya mara mbili, tena ukiwa umelainika.

Jipsamu ni madini, na mkoa wetu wenyewe unayo: yanachimbwa Makanya, wilayani Same. Kinachoupa ubao nguvu ni unga huo ulioganda katikati ya karatasi mbili. Karatasi inapoloa huachana na unga, na unga wenyewe hulegea, hivyo vichwa vya skrubu hupenya kama vile vinapita kwenye ugali. Hadibodi na plaiwudi huvimba na kujikunja, lakini kwa kawaida huonyesha dalili mapema. Dari ya plastiki, ambayo sasa inapendwa sana, ina hila yake: haichafuki wala hailoi, na kwa sababu hiyo inaweza kuhifadhi maji mengi juu yake, pamoja na nyaya za umeme, bila mwenye nyumba kujua lolote.

Usiku wa tukio

Kabla ya kutafuta ndoo, zima umeme. Nyaya nyingi za nyumba zetu hupita juu ya dari, na tundu la taa ndiyo njia ambayo maji huipenda zaidi kushukia. Zima swichi kuu, usiishie kuzima taa ya chumba hicho pekee. Iwapo swichi kuu yenyewe imeloa, au ili kuifikia ni lazima ukanyage maji, usiiguse. Toa watu ndani ya nyumba na uwasiliane na TANESCO. Tumia tochi. Mshumaa na kibatari katika chumba chenye magodoro yaliyorundikwa kukwepa maji ni kuongeza hatari ya pili juu ya ya kwanza. Kukiwa na moto au mtu aliyeangukiwa, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupokea simu kwa namba 114.

Hamisha watoto na wazee kwanza, kisha vitanda, kisha vyombo vya umeme. Watu wengi hufanya kinyume, wakaanza na televisheni.

Ukiona dari imetuna kama tumbo, maji yamekusanyika hapo na ubao unaweza kuachia wakati wowote. Ikiwa umeme umezimwa, na ikiwa unaweza kufika bila kusimama chini ya uvimbe wenyewe, toboa tundu dogo katika sehemu iliyoshuka zaidi kwa kutumia msumari uliofungwa kwenye ncha ya mti mrefu, ukiwa umesimama pembeni na beseni limewekwa chini. Maji yatashuka kwa utaratibu, na ubao utapumua. Tundu moja dogo ni hasara ndogo kuliko chumba kizima cha mbao zilizopasuka. Lakini uvimbe ukiwa umeenea chumba kizima, au ukisikia branda zikilia, funga mlango wa chumba hicho na ulale kwa jirani. Hakuna sababu ya kupambana nao.

Pasiwe na mtu wa kupanda juu ya paa usiku huo. Bati lililoloa huteleza kama sabuni, na mtu aliyevunjika nyonga hawezi kulinganishwa na dari iliyochafuka.

Kumtafuta mwizi

Kosa linalorudiwa na mafundi wengi ni kuangalia bati lililo juu ya alama moja kwa moja. Maji hayaanguki wima ndani ya paa. Yakishapita kwenye tundu, hushika papi, hutembea nayo hadi kwenye kenchi, hushuka na kenchi kufuata mteremko, na huacha mbao pale tu yanapokuta kizuizi: kichwa cha msumari, kiungo cha mbao, au ukingo wa ukuta. Alama ya sebuleni inaweza kuwa imezaliwa juu ya jiko.

Siku ya jua, mtu mmoja aingie juu ya dari akiwa na tochi, akanyage juu ya kenchi peke yake na kamwe asikanyage ubao. Aanzie kwenye alama na kupanda kuelekea juu ya mteremko, akifuata michirizi myeusi kwenye mbao na kutu chini ya bati. Mara nyingi akizima tochi ataona tundu lenyewe kama nyota. Asipoliona, mwenzake aliye nje amwage maji kwa mpira, akianza chini ya paa na kupanda polepole, sehemu moja kwa dakika kadhaa. Ukianza kumwaga juu, maji yatateremka paa lote na hutajua ni wapi yalipoingilia.

Wahalifu wa kawaida katika wilaya yetu wanajulikana. Wa kwanza ni msumari. Msumari wa bati hupigiliwa juu ya mgongo wa bati, pasipopita maji, nao huwa na mpira unaoziba tundu. Mpira huo hukauka na kupasuka kwa jua la miaka. Pia mbao zetu huchangia: papi iliyopigiliwa ikiwa mbichi hukauka na kujipinda, kisha huusukuma msumari juu kidogo kidogo. Eneo letu limezungukwa na mashamba ya miti, na kishawishi cha kununua mbao iliyopasuliwa wiki hiyo hiyo ni kikubwa kwa sababu bei yake huwa nafuu. Unafuu huo hulipwa baadaye kupitia dari.

Wa pili ni majani. Mgrevilea ni mti mwema kwa kahawa na kwa kuni, lakini majani yake hayaozi upesi, na yakijikusanya kwenye mfereji wa kona, pale pande mbili za paa zinapokutana, hujenga bwawa dogo. Maji hupanda hadi chini ya kingo za bati na kuingia ndani bila kuwepo tundu lolote. Mwenye nyumba anaweza kubadilisha bati zima na bado akavujiwa. Kusafisha mifereji mwishoni mwa Februari, na tena kabla ya mvua za vuli, ni kazi ya nusu siku.

Hapa ni lazima kusema neno kuhusu nyumba za paa la kuficha, zile zenye ukuta unaopanda juu kuzunguka paa ili bati lisionekane kutoka barabarani. Zinapendeza, na mwandishi hana ugomvi na mtu anayependa nyumba yake ipendeze. Hata hivyo paa hilo hutegemea mfereji mmoja ulio ndani ya ukuta, ambao hakuna anayeuona na ambao mara nyingi hauna njia ya pili ya kutolea maji. Siku ukiziba, maji yote ya paa hayana pa kwenda isipokuwa sebuleni. Anayejenga nyumba ya aina hiyo chini ya miti aweke matundu ya akiba kwenye ukuta, yawe chini ya usawa wa kingo za bati, ili mfereji mkuu ukiziba maji yatokee nje na yeye ayaone.

Wa tatu ni maungio. Bati hulaliana pembeni na mwishoni. Mlalo wa mwisho usipungue sentimita 15, na paa likiwa la mteremko mdogo uwe mrefu zaidi, kwa sababu upepo husukuma maji kurudi juu. Wakazi wa tambarare ya chini, kuelekea Karansi na Makiwaru, wanaufahamu upepo huo. Kofia ya juu ya paa nayo hulegea, na ndege huimalizia.

Jasho la bati

Kuna malalamiko mengine ambayo huja katikati ya kiangazi cha baridi, mwezi Juni hadi Agosti, wakati hakuna mvua hata tone. Familia huamka asubuhi ikakuta dari ina unyevu, ikaita fundi, fundi akatafuta tundu asilione, kisha akapaka lami kila msumari ili asionekane hakufanya kazi.

Katika hali hiyo maji hayakutoka nje. Usiku wa baridi, hasa maeneo ya juu kama Ngarenairobi, ambayo jina lake kwa Kimaasai lina maana ya maji baridi, bati hupoa kuliko hewa iliyo chini yake. Mvuke wa pumzi za watu, wa sufuria ya maharage na wa maji ya kuoga hupanda kupitia nafasi za dari, hugusa bati baridi na kugeuka matone. Ni jambo lile lile linaloonekana kwenye chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Dalili zake ni tofauti na za uvujaji: unyevu husambaa eneo pana badala ya kuchora duara, matone huonekana upande wote wa ndani wa bati, na yote hutokea alfajiri kisha hukauka saa nne.

Dawa yake ni hewa. Fungua matundu kwenye vichwa vya paa na chini ya kingo, uyawekee wavu wa kuzuia popo na ndege, na mvuke wa jikoni upewe njia ya kutokea nje badala ya kupanda darini. Anayeziba kila upenyo akidhani anazuia baridi anajitengenezea mvua yake mwenyewe.

Na kama unyevu unaendelea mchana na usiku, masika na kiangazi, kagua tangi la maji lililowekwa juu ya dari au bomba linalopita huko. Boya likikwama tangi hufurika kimya kimya. Funga koki ya kuingizia kwa siku moja. Alama ikiacha kukua, umepata jibu.

Kukausha

Ukishaziba paa, subira inahitajika, na hapa ndipo wengi hushindwa. Ukungu unaweza kuanza kuota juu ya kitu kilicholoa ndani ya siku moja hadi mbili. Fungua madirisha mchana, toa kipande cha dari kilichoharibika ili hewa ipite juu, na uondoe chochote kinachoshika maji huko: viota, maboksi, magunia ya mahindi yaliyohifadhiwa darini. Ubao wa jipsamu uliopinda haunyooki tena na ukibonyea kidoleni lazima utolewe. Uliobaki bapa na mgumu baada ya kukauka kabisa unaweza kubaki. Mbao za kupachikana ndizo zenye bahati. Zikikaushwa taratibu mara nyingi hurudi hali yake.

Ukungu mdogo juu ya mbao au plasta husuguliwa kwa maji ya sabuni, ukiwa umefunika pua na mdomo. Anayetumia dawa ya klorini asiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Watoto wenye pumu wasilale katika chumba hicho hadi kazi iishe. Na kwa kuwa Siha ndiyo yenye Hospitali ya Kibong'oto, inayojulikana nchini kote kwa matibabu ya kifua kikuu, tuongeze hili: mtu anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi asiseme ni ukungu wa dari. Aende kituo cha afya apimwe.

Tahadhari moja haina mjadala. Baadhi ya majengo ya zamani, yakiwemo ya mashamba ya walowezi na majengo ya umma ya miaka ya nyuma, yaliezekwa au kuwekewa dari za asbestosi, mabamba ya kijivu yaliyo magumu kama saruji nyembamba. Vumbi lake huingia mapafuni na husababisha saratani ambayo hujitokeza baada ya miaka mingi. Bamba la namna hiyo lisikatwe, lisitobolewe, lisipigwe msasa wala kuvunjwa kwa nyundo, na vipande vyake visitumike kujazia njia ya matope. Muone Afisa Afya wa kata kabla ya kuligusa.

Kurudishia

Fundi akate ubao ulioharibika hadi katikati ya branda, ili kingo za kipande kipya na za kile cha zamani zote zipate mahali pa kupigiliwa. Branda iliyooza ibadilishwe; kuipigilia ubao mpya ni kuandaa anguko jingine. Skrubu zikae karibu karibu, kiasi cha sentimita 20 hadi 30. Maungio yafunikwe kwa utepe na unga wa jipsamu, yakauke, yapigwe msasa, kisha yarudiwe. Kabla ya fundi huyo, fundi umeme mwenye leseni ya EWURA awe amekagua nyaya na matundu ya taa, na umeme usirudishwe hadi aseme ni salama.

Kuhusu rangi kuna siri ndogo inayookoa fedha. Ile alama ya chai ni uchafu wa mbao na kutu ulioyeyuka, na ukiipaka rangi ya maji moja kwa moja, maji ya rangi huuyeyusha tena na alama hutokeza juu siku ya tatu. Paka kwanza rangi ya mafuta juu ya alama iliyokauka, iache ikauke, ndipo upake rangi ya maji ya dari nzima.

Piga picha kila hatua, hasa kabla ya kuondoa chochote. Kwa mpangaji, picha hizo ni ushahidi. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inaweka wajibu kwa mwenye nyumba aliyekodisha sehemu ya jengo kutunza paa, kuta kuu na mifereji mikuu, isipokuwa mkataba wao uwe umesema vinginevyo. Mpangaji amjulishe mwenye nyumba kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, mara tu anapoona alama ya kwanza. Akikaa kimya hadi dari ianguke, mazungumzo huwa magumu kwa pande zote mbili. Wasipoelewana, waanzie ofisi ya mtendaji kabla ya kufikishana mbali.

Upepo au mvua ikiezua paa au kuharibu nyumba kadhaa kwa pamoja, taarifa itolewe siku hiyo hiyo kwa Mwenyekiti wa Kitongoji au Mtendaji wa Kijiji, ili ifike kwenye kamati ya maafa na hasara iorodheshwe kabla watu hawajaanza kukusanya bati zilizotawanyika. Anayekusudia kubadilisha umbo la paa, mathalani kutoka paa la kawaida kwenda paa la kuficha, afike kwanza Halmashauri, Divisheni ya Miundombinu, Maendeleo ya Vijijini na Mijini, akiwa na mchoro wake, aulizie kibali cha ujenzi. Kwenye mchoro huo wahandisi wataulizia mfereji wa kutolea maji, na ni vema jibu liwepo kabla ya bati kununuliwa.